Zizi ninalomwekea farasi wangu Karen, na bili yake ya kila mwezi

Bei ya kununua farasi isikudanganye. Jike wangu alistaafu mbio za Ngong, na nilimpata kwa pesa ambazo hazinunui ng'ombe mzuri wa maziwa. Pesa zenyewe zinaanza kutoka siku unapomtafutia mahali pa kulala, kwa hiyo naandika kwa ajili ya mwenye mshahara wa kawaida anayepiga hesabu kama nilivyopiga mimi.

Zizi liko upande wa Karen, hapa Nairobi. Kwa sasa nalipa shilingi 38,000 kwa mwezi kwa huduma kamili: kibanda, maranda ya kulalia, majani makavu, nafaka asubuhi na jioni, uwanja wa kuchungia na saisi, yaani mtunza farasi. Wapo wanaokodi kibanda na uwanja tu, chakula na kazi wakajitegemea. Niliipigia hesabu njia hiyo nikaiacha. Farasi wa kilo 450 huhitaji majani makavu kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 9 kwa siku. Robota la nyasi kavu za boma Rhodes la kilo 15 halimfikishi siku mbili. Kwa mwezi ni marobota 18, na hapo hujagusa pumba, shayiri wala chumvi. Kiangazi kikikaza, bei ya robota hupanda, na anayenunua machache machache ndiye anayeumia. Hawa wa zizi letu hujaza ghala nyasi zinapovunwa baada ya mvua, na ukame ulipobana hawakutupandishia ada katikati ya mwaka. Mimi ningelipa hata zaidi kidogo kwa utulivu huo.

Lakini kinachonifanya nilisifu zizi hili ni saisi wao, mzee aliyezeeka na farasi. Kila jioni humwinua mguu mmoja mmoja, huchokoa kwato kwa chuma, kisha huinama na kunusa. Kwato ikianza kuoza kwa unyevu hutoa harufu kabla hujaona kidonda, na yeye huikamata mapema. Siku moja alinipigia simu nikiwa kazini: "Mama, huyu leo hajamaliza majani yake, na tangu asubuhi sijaona kinyesi cha maana." Ulikuwa mwanzo wa msokoto wa tumbo. Daktari alifika mapema, farasi akapona bila kupelekwa kokote. Msokoto ukichelewa huua, na bili ya upasuaji sina uwezo nayo. Mzee yule ameniokolea farasi, na ninamheshimu sana.

Sasa yasiyokuwemo kwenye ada, maana hapa ndipo watu wanaposhikwa. Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki 6 hivi; wangu huvaa viatu miguu yote minne, nami hulipa 6,000. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika ni kila mwaka na haina mjadala, kwa kuwa ugonjwa huo unaenezwa na visubi, vijidudu vinavyouma, na huua upesi. (Zizi huwaingiza farasi ndani kabla ya magharibi, visubi vinapoanza kuruka. Uliza popote unapokwenda kama wanafanya hivyo.) Kuna dawa ya minyoo, kuna meno ya kusawazishwa angalau mara moja kwa mwaka, kuna dawa ya kupe ambayo hapa tunachangiana. Matandiko na hatamu nilinunua yaliyotumika, na yananitosha. Kando ya hayo yote naweka 5,000 kila mwezi kwenye akaunti ambayo kadi yake siibebi, ya daktari peke yake. Kwa ujumla nahesabu karibu 50,000 kwa mwezi, na mtu akikwambia ada ya zizi ndiyo gharama yote, hajawahi kuilipa.

Wanapokosea ni mifereji. Mvua za masika zikishika, uwanja wa chini hugeuka tope hadi kwenye vifundo, farasi hushinda vibandani, maranda huisha haraka, na mwezi huo tunatozwa nyongeza ya maranda. Nimelalamika kwa mwenye zizi, akanisikiliza kwa adabu, lakini mfereji bado haujachimbwa. Si haki sisi kulipia maji yanayotuama shambani kwake, na nitaendelea kumwambia.

Bili yenyewe huja imechambuliwa: kila kitu na tarehe yake, jina la dawa na kipimo chake. Zizi nililotoka lilikuwa likiniandikia jumla moja tu.

Vibanda kwa sasa vimejaa, wanaandikisha majina. Amana ni ada ya mwezi mmoja. Ukienda kuangalia, nenda Aprili mvua inaponyesha, na uombe kufunguliwa ghala la majani.