Mkanda wa kumpunguzia jogoo sauti: una nafuu, ila si kwa kila jirani

Mkanda wa shingoni unaouzwa mtandaoni kwa wafugaji wa mjini haumnyamazishi jogoo. Atawika vilevile, ila sauti inatoka fupi na nzito, kama mtu anayeita akiwa amejifunika shuka. Jirani wa nyumba ya tatu atapata nafuu. Yule ambaye dirisha lake la chumbani limetazamana na banda ataendelea kuamka alfajiri.

Ni kipande cha nailoni, upana kama sentimita 4, kinachofungwa kwa velkro kama ya viatu vya watoto. Jogoo akitaka kuwika hujaza mifuko yake ya hewa, kisha huisukuma hewa yote kwa mkupuo na shingo hutanuka. Mkanda unaizuia isitanuke, kwa hiyo kipimo ndicho kila kitu.

Kazi ya kumvisha ni ya watu wawili. Mmoja amzungushie kanga mabawa yasipige. Mwingine ainue manyoya marefu ya shingo, apitishe mkanda katikati ya shingo, kisha ayashushe manyoya juu yake. Jogoo akiwa amenyoosha shingo, kidole chako cha mwisho kipite kati ya mkanda na ngozi bila kusukuma wala kupwaya. Mara ya kwanza mvishe asubuhi ya siku utakayoshinda nyumbani, kamwe si jioni ukaenda kulala. Mwanzoni atatembea kinyumenyume na kukung'uta kichwa, na hilo ni kawaida. Akibaki mdomo wazi, au upanga wake (ile nyama nyekundu ya kichwani) ukigeuka zambarau, uvue hapo hapo.

Mkanda uliobana unajionyesha upesi. Uliolegea ndio hatari zaidi: jogoo huinama kuudonoa, mdomo wa chini ukanasa ndani yake, naye akabaki hivyo mpaka mtu amwone.

Lipapase gole, yaani mfuko wa chakula chini ya shingo, kila asubuhi kabla hajala. Likiwa bado limejaa, chakula hakishuki, mkanda umebana. Mchicha mkatie vipande vidogo. Jogoo anayekua apimwe upya kila wiki, na ngozi ikaguliwe kama ina vidonda au utitiri. Halafu kuna joto: Dar es Salaam au Mombasa, mchana kuku hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, koo likichezacheza. Uvue kabla jua halijawa kali.

Kwa maoni yetu mkanda ni hatua ya mwisho, mengine yakishindikana. Kwanza sogeza banda mbali na dirisha la jirani. Kulifunika kwa turubai hakutoshi, kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huongozwa na saa ya ndani ya mwili, na huwika kwa saa zake hata mwanga usipobadilika. Turubai litamkinga na taa za magari tu.

Tena, kama unafuga kwa ajili ya mayai ya kula, huhitaji jogoo kabisa. Tetea hutaga bila yeye. Anayetaka vifaranga anaweza kuazima jogoo kwa siku mbili tatu, kisha amrudishe. Mbegu za jogoo hukaa hai ndani ya tetea kwa siku 10 hadi 14, kwa hiyo mayai ya wiki inayofuata yanafaa kuatamishwa.