Jembe la gurudumu katika vitunguu na karoti: linafaa, ila si ndani ya majaruba

Kitunguu hukua polepole, na majani yake membamba yaliyosimama wima hayafuniki ardhi hata yakikomaa, kwa hiyo magugu hupata mwanga tangu siku ya kupandikiza hadi karibu na mavuno. Mkulima anayelima kwa ajili ya soko anajua palizi inavyokula fedha katika zao hili. Ndiyo sababu nilinunua jembe la gurudumu la kusukuma kwa mikono, na tathmini hii inahusu chombo hicho pekee, si mashine zenye injini wala zile zinazovutwa na trekta.

Chombo chenyewe hakina mambo mengi. Mbele kuna gurudumu moja, nyuma kuna mikono miwili inayopandishwa au kushushwa kulingana na kimo cha mtumiaji, na katikati kuna mahali pa kufungia vifaa vya aina mbalimbali. Umbo hili lina umri mkubwa: kampuni ya S. L. Allen ya Philadelphia, nchini Marekani, iliuza majembe ya namna hii kwa jina la Planet Jr. tangu karne ya 19. Kifaa ninachokitumia zaidi ni kisu chenye umbo la herufi U, kilichonolewa pande zote mbili na kinachobembea kidogo, hivyo hukata kinaposukumwa na kukata tena kinaporudishwa. Meno ya kuvunjia ukoko wa udongo nayo yanafaa baada ya mvua kubwa. Kile cha kupandishia udongo sijakiona faida yake katika vitunguu, kwani kitunguu hakitaki kufukiwa.

Ubora wake mkubwa uko kwenye kina. Kisu hupita takriban sentimita 2 chini ya uso wa udongo na kukata gugu shingoni, wakati jembe la kawaida huchimba, hukata mizizi ya kitunguu ambayo kwa asili iko juujuu, na huibua mbegu nyingine za magugu zilizokuwa zimelala chini, ambazo huota mara zinapopata mwanga na maji. Anayepalilia kwa jembe hili husimama wima na kutembea, kwa hiyo mtu mmoja humaliza tuta kabla mwenzake aliyeinama hajafika katikati.

Hata hivyo, kasi hiyo hupatikana tu ikiwa palizi inafanywa mapema kuliko tulivyozoea. Siku chache baada ya kumwagilia, ukikwangua udongo kwa kidole katikati ya mistari, utakuta nyuzi nyeupe nyembamba: hayo ndiyo magugu, na huo ndio wakati wake. Kisu kikipita asubuhi ya siku yenye jua, kufikia jioni nyuzi hizo zimekauka na hakuna cha kuokota. Magugu yakishafikia urefu wa kidole, kisu huanza kuyakokota badala ya kuyakata, na kazi inarudi kuwa nzito. Nakiri kwamba ni vigumu kumshawishi mtu, hasa anayetoa fedha, kwamba shamba linaloonekana safi kwa macho linahitaji palizi leo.

Linalopaswa kufikiriwa kabla ya bei ni mpangilio wa shamba. Katika maeneo kama Mang'ola, kwenye bonde la Eyasi, vitunguu hupandwa ndani ya majaruba madogo yanayojazwa maji kutoka kwenye mifereji, miche ikiwa imesongamana na kingo za udongo zikiwa kila upande. Humo gurudumu halina pa kupita. Chombo hiki kinataka matuta marefu, mistari iliyonyooka kwa kamba, na nafasi ya sentimita 25 hadi 30 kati ya mstari na mstari, jambo ambalo kwa wengi maana yake ni kubadilisha hata namna ya kumwagilia. Mistari ikipinda, kisu kitakata vitunguu pamoja na magugu bila kubagua. Katika karoti ugumu ni mwingine: mbegu yake huchelewa kuota, wakati mwingine hadi wiki tatu, na magugu hutangulia kabla mstari haujaonekana. Mimi humwagilia tuta kwanza, nikasubiri magugu yaote, nikapitisha kisu juujuu, ndipo nikapanda.

Udhaifu wake nao upo. Magugu yaliyo ndani ya mstari, kati ya mche na mche, hayaguswi, na hayo bado yanangojea vidole vya vibarua. Ndago hukatwa vizuri lakini huchipua tena baada ya siku chache kutoka kwenye viazi vyake vilivyo chini, kwa hiyo shamba lililojaa ndago lilimwe kwanza wakati wa kiangazi ili viazi hivyo vianikwe na jua. Udongo wa mfinyanzi ukiwa na maji hung'ang'ania kisu, na magugu yatambaayo, ambayo kila kipande cha shina huota mizizi, hupandikizwa upya badala ya kufa.

Kuhusu ujenzi wa chombo, chuma cha fremu ni imara na gurudumu halijanipa shida. Boliti zinazoshikilia kisu ndizo hulegea kwa mtikisiko, na muuzaji hakuwa na vipuri vyovyote. Fundi wa kuchomelea aliniundia kisu cha akiba kutokana na springi kuukuu ya gari, na kwa kweli kinashika makali kuliko kile cha awali.

Kwa mwenye robo ekari ya mboga mchanganyiko, jembe la kawaida linatosha. Kwa anayelima nusu ekari au zaidi ya vitunguu, karoti au spinachi kwa mistari, ningemshauri anunue, mradi siku hiyohiyo apeleke kisu kwa fundi kipimwe na aongeze boliti zenye nati za kujifunga.