Utabiri wa msimu na utabiri wa siku tano: mkazi wa Karibea ashike upi?

Utabiri wa msimu hutoka mapema. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado huutoa Aprili, NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, hufuata Mei, kabla msimu haujaanza tarehe 1 Juni. Lakini huhesabu vimbunga vya Atlantiki nzima. Hausemi kisiwa gani kitapigwa. Mwaka 1992 vimbunga vilikuwa vichache, na bado Andrew ikapita Bahamas kwa nguvu za kutisha. Namba ndogo isimlaze mtu usingizi.

Utabiri wa siku tano, wa Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami, ndio wenye ramani ya njia. Shida yake ni muda. Beryl ilianza kujijenga baharini 28 Juni 2024. 1 Julai ikatua Carriacou, Grenada, ikaezua mapaa karibu kisiwa kizima. Siku tatu tu! Ndani yake utapigilia mbao madirishani, utajaza maji madumu, utamhamisha bibi. Kufunga kenchi ukutani kwa vyuma hutawahi.

Kwa hiyo kazi ya fundi na bima ningeifanya kabla ya Juni, kila mwaka, utabiri wa msimu uwe mkali au mpole. Ramani ya Miami ningeiachia uamuzi wa kuhama.