Mtego wa nzi wa maembe: nunua, lakini usiuachie kazi yote

Nina miembe mitatu uani kwangu Kilifi, miwili ya ngowe na mmoja wa apple. Wengi wananiuliza kuhusu ule mtego wa kopo lenye kifuniko cha manjano unaouzwa kwenye agroveti. Jibu langu: unafanya kazi na nitaununua tena. Ila hakikisha kwanza kwamba kinachokuozea maembe ni nzi.

Muuzaji wa duka moja alitazama picha kwenye simu yangu, akaona madoa meusi, akanitolea dawa ya kuvu papo hapo. Sikuichukua. Embe lenye chule, ambao ni ugonjwa wa kuvu, huwa na madoa meusi yaliyobonyea kidogo, yanayotanuka na kuungana, na mara nyingi huzidi mvua ikinyesha wakati wa maua. Langu lilikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano, utomvu umetoka ukakauka pembeni, na ukibonyeza hapo panadidimia. Nikalipasua mbele yake juu ya kaunta: funza weupe ndani ya nyama iliyogeuka maji. Tafadhali, pasueni embe kabla ya kununua dawa yoyote. Na ikiwa ni maua ndiyo yamepakaa unga mweupe kisha yakakauka na kupukutika, huo ni ubwiri unga, ugonjwa mwingine wa kuvu, dawa yake ni salfa, na mtego huu hautakusaidia chochote.

Sasa mtego wenyewe. Ndani ya kopo unaning'iniza kibonge kilicholoweshwa methili eujenoli, kemikali yenye harufu inayovuta nzi, pamoja na kipande cha dawa ya kuua wadudu. Nzi huingia kwa matundu ya ubavuni. Nilitundika tawini kivulini, mahali mkono unafika, na kesho yake chini ya kopo palikuwa peusi kwa nzi. Niliwamwaga kwenye karatasi nyeupe: kiuno chembamba cha nyigu, mistari miwili ya manjano mgongoni, mabawa angavu. Huyo ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa huku kwetu Pwani ya Kenya mwaka 2003.

Hapo ndipo watu hufurahi mapema. Harufu ile huvuta madume tu. Jike, ambaye ndiye anayetoboa embe na kutaga, haimvutii. Ukipunguza madume sana, majike wengi hukosa wa kupandana naye na mayai hayaanguliwi, lakini hilo linataka muda, na linataka mitego itundikwe maembe yakiwa bado machanga. Tena kuna nzi wetu wa asili, Ceratitis cosyra, mwenye mabawa yenye michirizi, ambaye hiyo methili eujenoli haimshughulishi kabisa. Jirani yangu kopo lake linajaa na maembe yake bado yana funza. Hakudanganywa dukani, ila chini ya mwembe wake maembe yaliyoanguka yanalala hadi yanaoza. Funza hutoka humo, hujichimbia mchangani, na hutoka tena akiwa nzi. Mimi naokota kila siku, natia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, naufunga kabisa na kuuacha juani mpaka funza wote wafe. Ni kazi ya kuchosha, na naamini imenisaidia sawasawa na mtego.

Malalamiko yangu ni mawili. Waya wa kutundikia hauji na maelezo yoyote, na maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini, hushuka nao wakabeba nzi waliokufa, usijue umenasa wangapi. Paka grisi kwenye waya. Msiwaue maji moto wenyewe, jamani! Wanauma vibaya wakati wa kuangua maembe, lakini nzi huogopa kutaga kwenye embe linalotembelewa na hao maji moto. Pili, kibonge kikiisha nguvu, maduka mengi hapa hayana cha kubadilishia, wanataka ununue kopo zima upya. Uliza kibonge cha akiba kabla hujalipa.

Kwa mwenye mti mmoja au miwili na majirani wasiookota, nashauri aongeze chambo cha protini, kwa kuwa hicho huvuta majike pia, wa aina zote mbili. Msimu wa Novemba nitaweka vyote viwili, na mwembe wa apple, ambao ndio hushambuliwa zaidi kwangu, utapata wa kwanza.