Imeili ya kulipia: ipi ununue, nimezipanga kwa jinsi zilivyokua

Kuna mama mmoja Bagamoyo anauza vikapu vya ukili, anapeleka nje, wateja wake wengi wako Ujerumani na Uholanzi. Siku moja kanipigia sauti imepoa kabisa, ananiambia kuna wateja wawili wamemfuata WhatsApp wanauliza mbona wiki mbili hajibu imeili, na yeye kila siku anafungua na haoni kitu. Nikaenda. Nikafungua ile Roundcube, ukurasa wa kusomea imeili uliokuja na hostingi yake, yani sehemu anayokodi kuweka tovuti, nikaangalia kile kimstari cha nafasi, asilimia 100. Nikamwambia mama, kikasha kimejaa, imeili zinarudishwa zilikotoka. Akaniangalia akasema, "Kimejaaje mwanangu, na simu yangu jana tu nimefuta picha zote?"

Nikakaa naye nikamwelewesha kwamba imeili haikai kwenye simu, inakaa kwenye seva ya watu, na wale watu walimpa GB 1 siku alipofungua tovuti na mpaka leo ni GB 1 ileile, muonekano uleule, hakuna kilichoongezeka hata kimoja, ila bei ya kila mwaka inapanda. Kampuni siitaji, na wako wengi wa hivyo.

Toka siku hiyo mtu akiniuliza anunue imeili gani namwambia asianze na GB. Aangalie huduma ilianza lini, imeongeza nini toka hapo, na waliokuwa wateja wa zamani wamepata hayo mapya au wameachwa nyuma. Anwani ya biashara utakaa nayo miaka 10, 15, imeshachapwa kwenye kadi, kwenye mabango, kwenye mikataba, kwa hiyo unanunua na miaka inayokuja.

Kabla ya majina, jambo moja ambalo naomba sana ulishike. Nunua domeini yako mwenyewe kwanza, yani lile jina linalokuja baada ya @, iwe .co.tz, .co.ke, .com, vyovyote, na iandikishwe kwa jina lako wewe na si la fundi aliyekutengenezea tovuti. Nimeona watu wanalia kwa hili. Fundi kahama mji, namba haipatikani, na domeini iko kwa jina lake. Ukiwa na domeini yako huduma yoyote ikikuchosha unabadilisha rekodi za MX, zile zinazosema imeili za domeini yako zipelekwe seva gani, unahamia kwingine na anwani inabaki ileile, wateja hata hawajui kama umehama. Ukikaa na jinalako@huduma-fulani basi wewe ni mpangaji, siku mwenye nyumba akipandisha kodi huna la kufanya.

Haya. Mpangilio wangu ni wa mtu anayeishi kwa imeili, yani anatuma kotesheni, profoma invoisi, anasubiri oda, imeili moja ikipotea ni hela imepotea.

Namba moja naiweka Fastmail. Najua wengi hapa hawajawahi kuisikia, ni ya Melbourne, Australia, ipo toka 1999, yani ni ya zamani kuliko Gmail. Mwaka 2010 ilinunuliwa na Opera, walewale wa Opera Mini tuliyokuwa tunaitumia kwenye simu za tochi kuokoa bando, halafu 2013 wafanyakazi wenyewe wakainunua tena kutoka kwa Opera. Mimi hilo lilinifanya niiamini, maana kuanzia hapo ndo imekua hasa. 2014 wakaongeza kalenda, mwanzo ilikuwa imeili tu. Zikaja lebo, ikaja kuahirisha imeili ikurudie siku unayotaka, ikaja kufuta ulichotuma kabla hakijaondoka, ikaja kutuma kwa ratiba. Hii ya ratiba yule mama, ambaye nilimhamishia Fastmail, sasa hivi haishi bila, anaandika usiku akishamaliza kusuka, anaiwekea muda ifike saa tatu asubuhi ya Ujerumani, ambayo huku ni saa nne au saa tano kutegemea majira yao, basi mteja anaikuta juu kabisa akifungua kompyuta ofisini.

Lakini kubwa walilofanya halionekani kwa macho. Simu nyingi zinaongea na seva ya imeili kwa IMAP, utaratibu wa toka miaka ya 1980, una maneno mengi, simu inauliza kimoja inajibiwa, inauliza kingine inajibiwa, kwenye mtandao unaosuasua kila swali ni kusubiri. Watu wa Fastmail wakabuni utaratibu mpya unaitwa JMAP, ombi moja linabeba maswali mengi na jibu linarudi kwa mkupuo, na hawakuuficha uwe wao peke yao, wakaupeleka kwenye chombo kinachopitisha viwango vya intaneti na 2019 ukapitishwa rasmi, mtu yeyote anaweza kuutumia bure. Apu yao inatembea juu ya huo. Nenda sehemu ambayo simu inakuandikia E pale juu, yani mtandao wa kujikongoja, fungua Fastmail halafu fungua apu ya kawaida ya IMAP, utaona mwenyewe. Na siku hizi inafanya kazi hata data ikikatika kabisa, unasoma na kuandika, mtandao ukirudi zinaondoka zenyewe.

2021 wakaleta anwani za kuficha wakishirikiana na 1Password, programu ya kutunza paswedi. Kila tovuti unayojiandikisha unaipa anwani yake tofauti ya kutengeneza, zote zinaingia kwako, siku moja ikianza kuleta matangazo ya ajabuajabu unaizima hiyo moja tu, na unajua kabisa nani kauza anwani yako.

Ubaya wake nausema. Haina ya bure, kuna majaribio ya siku 30 basi. Ni kama dola 5 hadi 6 kwa mwezi kwa mtu mmoja, kwa duka lenye watu 6 hiyo ni hela. Na haifungi imeili kwa namna ambayo wao wenyewe hawawezi kusoma, seva ziko Marekani, sheria ni za Australia, kwa hiyo kama una siri nzito teremka mpaka Proton.

Namba mbili ni Zoho Mail, na kama biashara yako ni changa nasema anza hapa moja kwa moja wala usione aibu. Ni Wahindi wa Chennai, imeili yao ipo toka 2008. Mpango mdogo kabisa wa kulipia ni dola 1 kwa mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, unapata GB 5, kwa hiyo dola 12 kwa mwaka. Wana na mpango wa bure wa domeini yako lakini huo unafungua kwenye tovuti yao na apu zao tu, ukitaka kuiweka kwenye programu za imeili za kompyuta kama Outlook au Thunderbird inakataa, IMAP ni ya waliolipa. Watu wengi wanakwama hapo wanadhani wamekosea paswedi, wanabadilisha mara kumi.

Miaka imeisaidia sana Zoho. Ya zamani ilikuwa na mavitufe mengi hujui ubonyeze wapi, sasa imetulia, kalenda iko ndani, kazi za kufanya ziko ndani, faili likiwa kubwa mno linageuzwa linki badala ya kugoma. Bado kila kona wanataka kukuuzia programu yao nyingine, hilo linachosha, lakini kwa bei hiyo navumilia.

Tatu, Google Workspace. Hapa wengi mtanishangaa mbona si ya kwanza. Gmail yenyewe ilitoka Aprili mosi 2004 ikiwa na GB 1 wakati Hotmail inatoa MB 2, watu wakadhani ni utani wa siku ya wajinga, na kiukweli ndiyo iliyowalazimisha wengine wote waongeze nafasi. Ya domeini yako ilianza 2006, bure, mwaka uliofuata ukaja mpango wa kulipia wa dola 50 kwa mtu kwa mwaka, Desemba 2012 wakafunga mlango wa bure kwa wapya. Jina limebadilika, G Suite 2016, Workspace 2020. Kutafuta kwake sijaona mfano, na kuchuja taka pia. Wafanyakazi huhitaji kuwafundisha, kila mtu ana Gmail kwenye simu.

Sasa sababu ya kuiweka ya tatu. Mpango wa chini una GB 30 lakini unazigawana na Drive na picha, mtu akianza kupakia video za harusi, nafasi ya imeili nayo inaliwa. Halafu mwaka 2025 wakaweka akili bandia yao ya Gemini ndani ya mipango ya biashara na bei ikapanda, ule wa chini ukatoka dola 6 ukaenda 7 kwa anayelipa kwa mkataba wa mwaka, uwe unaitumia huitumii. Kama mnaishi kwenye Docs na Meet, zile za kuandika na kufanya mikutano, kutwa nzima hiyo hela inajilipa. Kama ni imeili tu unalipia sofa ili ukalie mkono wake.

Microsoft 365 sina mengi, kama ofisi yenu ni Excel na Outlook asubuhi mpaka jioni chukueni hiyo, basi.

Proton Mail naipa nafasi ya nne kwa biashara ya kawaida, ila kwa mwandishi wa habari, wakili, mtu wa haki za binadamu, kwake hiyo ni ya kwanza na wala sibishani. Ilianzishwa 2014 na wanasayansi waliokutana CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, watu wakaichangia mtandaoni zaidi ya dola laki tano. Imeili za kwako zinafungwa kiasi kwamba wao wenyewe hawana funguo. Hii ndo imekua kwa shida kuliko zote, na nawaheshimu kwa hilo, maana kitu kikishafungwa kila jambo dogo linakuwa kazi kubwa. Kwa miaka mingi ulikuwa huwezi kutafuta neno lililo ndani ya imeili, unatafuta kichwa cha habari na jina la mtumaji tu, kwa sababu seva haioni kilichomo. Sasa inawezekana, kompyuta yako inashusha imeili inajitengenezea orodha yake yenyewe, ila ukiwa na imeili nyingi kaa mkao wa kusubiri na uwe na bando. Kuitumia kwenye Thunderbird lazima usakinishe programu ya katikati inaitwa Bridge, nayo ni ya wanaolipia. Kalenda ikaja, Drive yao ya kuhifadhi faili ikaja, 2022 wakaungana na SimpleLogin wakapata anwani za kuficha, 2024 wakaiweka kampuni chini ya taasisi isiyo ya faida. Mpango wa Plus ni dola 4 kasoro senti kwa mwezi ukilipa mwaka, GB 15, domeini moja. Kumbuka tu kichwa cha habari cha imeili hakifungwi hivyo, usiandike siri pale.

Tuta ya Hannover, Ujerumani, zamani Tutanota, hiyo inafunga mpaka kichwa cha habari, na kuanzia euro 3 kwa mwezi unaweka domeini zako. Lakini haina IMAP kabisa, unatumia apu zao tu, kwa hiyo kuingia na kutoka ni kazi. Ndo maana ya tano.

Na imeili inayokuja bure na hostingi, mwisho kabisa. Shida yake zaidi ya nafasi ni kwamba unashea seva moja na watu mia, mmoja akituma takataka seva nzima inaingia kwenye orodha nyeusi, na invoisi yako halali inaangukia spamu ya mteja.

Hapo nimalizie la muhimu, popote utakaponunua. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti kwa watumaji, kwa hiyo hakikisha domeini yako ina SPF, DKIM na DMARC. Chukulia hivi, ukienda kufungua akaunti benki wanataka barua ya serikali ya mtaa, vinginevyo wewe ni nani? SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kubeba barua zako, DKIM ni muhuri juu ya kila barua, DMARC inamwambia anayepokea afanye nini na barua isiyo na hivyo. Huduma zote nilizotaja zinakupa hizo rekodi, unanakili unabandika kule ulikonunua domeini, nusu saa umemaliza. Ukishamaliza jitumie imeili kwenye Gmail yoyote, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vile vidoti vitatu uone imeili asilia, uhakikishe zote tatu zimeandikwa PASS.

Kuhama usiogope. Fungua akaunti mpya, tumia chombo chao cha kuvuta imeili za zamani kwa IMAP, badilisha MX, halafu ile ya zamani iache hai mwezi mzima kuna zinazochelewa. Ya yule mama tuliivuta usiku kucha kwa mtandao wa ofisi ya jirani, asubuhi folda zote ziko sawa, hadi oda ya kwanza kabisa aliyowahi kupata ilikuwepo, akaisoma kwa sauti.

Kulipia, wa Kenya mna M-PESA GlobalPay ya Visa toka 2022, huku Tanzania tumia kadi ya benki au ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu. Lipa kwa mwaka, na weka tarehe kwenye kalenda wiki mbili kabla, moja ya imeili na moja ya domeini, maana kadi ya mtandaoni siku ya kukatwa ikikutwa haina salio hakuna atakayekupigia simu.