Glavu ya kutenganisha vidole kwa wenye EB: uzoefu wangu

Nina epidermolisisi bulosa (EB), ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi itoke malengelenge na kuchubuka kirahisi. Yangu ni ya aina ya distrofiki, ile ambayo kolajeni ya 7, protini inayoshikiza tabaka la juu la ngozi kwenye la chini, ni pungufu au haipo. Majeraha yetu hupona kwa makovu, na vidole viwili vyenye majeraha vikilala pamoja, makovu huviunganisha. Kwa hiyo kulinda jeraha peke yake hakutoshi. Vidole navyo lazima vitengwe.

Glavu hii ilibuniwa pamoja na wagonjwa, na ukiishika unajua. Mishono yote iko nje, kwa sababu kinachotuumiza zaidi ni ngozi kuvutwa na kusuguliwa. Ncha za vidole ziko wazi, hivyo unaona mapema kama glavu inabana na damu haifiki vizuri. Lakini moyo wake ni zile kanda nne zinazopita katikati ya vidole, kutoka kiganjani hadi mgongo wa mkono. Ukanda lazima uguse ngozi pale vidole vinapoanzia. Ukiacha nafasi hata ndogo, kovu litapanda taratibu kutoka chini. Ukiuvuta sana, utapata lengelenge palepale. Mimi hukunja na kukunjua ngumi mara kadhaa. Kanda zikipanda, glavu ni kubwa.

Ichukuliwe vipimo juu ya bandeji, si mkono mtupu. Hapa ndipo wengi wanaagiza saizi isiyo yao.

Kabla ya kuvaa, toboa malengelenge mapya kwa sindano tasa, upande wa chini ili maji yatoke yenyewe, kisha kandamiza polepole kwa shashi. Ngozi ya juu iache, inafunika jeraha vizuri kuliko chochote. Weka wavu wa silikoni (kifuniko cha jeraha kisichoganda), na penye majimaji ongeza sponji nyembamba ya silikoni, kila kidole na kipande chake. Sponji nene huzuia vidole kukunjika na glavu haiingii. Plasta ya gundi isiguse ngozi kabisa. Kitu kikiganda, lowesha kwa maji ya uvuguvugu hadi kiachie chenyewe.

Glavu yenyewe ikunje hadi usawa wa kiganja, ingiza vidole, ndipo uikunjue kuelekea kifundo cha mkono. Usiivute juu ya ngozi. Ikilowa jasho, badilisha. Joto na unyevu huzidisha malengelenge, kwa hiyo jozi moja haitoshi.

Kasoro yake ni kidole gumba. Pengo lake ni pana, ila ukanda wake umekatwa sawa na nyingine, kwa hiyo naongeza shashi yenye vaselini iliyoviringishwa. Ambaye vidole vyake vimeshapinda naye atateseka kuivaa: ilihitaji kufunguka ubavuni. Tena inatenga tu, hainyooshi. Kama mtaalamu wako wa mikono amekupa gango la usiku (kifaa kigumu cha kunyoosha vidole ukiwa umelala), endelea nalo.