Saa Tatu za Bure Kati ya Mawe ya Mwanza

Nimeishi Nyegezi kwa zaidi ya miaka kumi, na sikuwahi kufikiri kwamba ningejiunga na kundi la wageni ili nionyeshwe jiji ambalo ninalishukia kwa daladala karibu kila Jumamosi. Aliyenitoa nyumbani ni mjomba wangu wa Tanga, mzee mstaafu asiyekubali kulipia kitu anachoweza kukitazama kwa macho yake mwenyewe. Alisikia kwamba wapo vijana wanaowatembeza watu katikati ya jiji bila malipo, akaniambia, "Mpwa wangu, cha bure hakikataliwi, ila twende tukakichunguze." Tulikwenda, na niseme mapema kwamba matembezi hayo yanafaa, ingawa yana kasoro mbili zilizoniudhi na moja inayohitaji mjadala mrefu zaidi.

Kundi hukutana kwenye mzunguko wa mnara wa saa. Tuliambiwa tufike saa mbili kamili asubuhi, nasi tukaondoka saa tatu kasoro dakika kumi, kwa sababu kiongozi wetu alikuwa akimsubiri mgeni ambaye hatimaye hakutokea. Dakika hamsini ni kitu kidogo kwa mtu aliyekaa kivulini, lakini Mwanza ni jiji la mawe, na mawe yakishapata jua la saa nne hukurudishia joto hilo usoni kama jiko la mkaa. Tulikuwa watu saba, wakiwamo wageni wawili kutoka Kisumu ambao muda wote waliwaita dagaa omena na hawakukubali kusahihishwa.

Sehemu ya kwanza hupita katika mitaa ya katikati ya jiji, na hapo kijana wetu alitembea haraka mno. Alivisoma vibao vya barabara, Kenyatta, Lumumba, Nkrumah, Rwagasore, kisha akasonga mbele kana kwamba majina hayo yalikuwa ya wenye maduka. Mtu asiyelipa hata senti angeweza kusimama kwenye kibao cha Rwagasore na kuondoka na habari ya maana: kwamba huyu alikuwa mwana wa mfalme na waziri mkuu wa Burundi, aliyeuawa Oktoba 1961, miezi tisa hivi baada ya Patrice Lumumba kuuawa Kongo. Mjomba, aliyekuwa kijana mdogo enzi hizo, ndiye aliyewaeleza Wakenya jambo hilo, na kwa robo saa yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara.

Makoroboi palikuwa bora kuliko kwingine kote. Jina linatokana na koroboi, ile taa ndogo ya bati yenye utambi na mafuta ya taa, ambayo mafundi wa eneo hilo waliitengeneza kwa makopo na vyuma chakavu chini ya miamba. Kiongozi alitupeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kigoda akikata bati kwa mkasi. Baada ya shikamoo na marahaba hakutuuliza tumetoka wapi wala tunanunua nini. Aliendelea na kazi. Alilizungusha bati kwenye kipande cha bomba, akapiga kingo kwa nyundo ya mbao mpaka zikakumbatiana, akapitisha lehemu kwenye mshono, kisha akalipuliza kwa mdomo kuhakikisha kwamba halivuji. Hiyo haikuwa koroboi bali sehemu ya jiko la mkaa. Alisema koroboi sasa huagizwa mara chache sana, kwa kuwa vijijini watu wamehamia kwenye taa za jua, na hata wavuvi wa dagaa, waliokuwa wakiingia ziwani usiku wa giza na karabai zao, wengi wamezitupa. Mjomba aliichukua koroboi kuukuu iliyokuwa rafuni, akainusa, akairudisha taratibu. Hakuna makumbusho yenye tiketi ambayo yangenipa dakika kumi kama zile.

Kutoka hapo tulikitazama kwa chini kilima cha Robert Koch, chenye jumba la enzi za Wajerumani juu yake. Tuliambiwa kwamba Koch alikuwa daktari mashuhuri, na hilo ni kweli, kwani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1905 na mwaka uliofuata akaja upande huu wa ziwa kuchunguza malale. Kilichoachwa ni kwamba katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda, aliwatibu wagonjwa kwa dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Sikutarajia hotuba ya saa nzima, lakini sentensi moja tu ingetosha kuwafanya wageni wakitazame kilima kile kwa jicho jingine.

Na hapa ndipo ninapofikia ile kasoro ya tatu. Historia tuliyosimuliwa ilikuwa historia ya wapita njia. Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika mwaka 1858, inaelezwa kwamba aliliona ziwa vizuri kutoka kilima cha Isamilo, akalipa jina la malkia wake. Wajerumani wakaanzisha kituo chao mwaka 1892. Koch akaja na kuondoka. Hata Sidi Mubarak Bombay hakutajwa, ilhali ndiye aliyetembea na Speke kutoka Tabora na kumfanyia ukalimani, wakizungumza Kihindustani ambacho Bombay alijifunza India alikopelekwa utumwani tangu utotoni. Bila yeye, Speke angesimama juu ya kilima hicho pasipo kuelewa neno, kwa kuwa watu aliowakuta walikuwa na jina lao la ziwa, Nyanza, na hawakuwa wakimsubiri mtu aje kuligundua.

Vilevile hatukusikia lolote kuhusu pamba, na kwa Mwanza hilo ni sawa na kuizungumzia Tanga bila mkonge, kama mjomba alivyonong'ona. Reli kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928, na marobota ya pamba ya Usukuma yakapata njia ya kwenda pwani. Mwaka 1955 wakulima wakaunda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, wakiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha baada ya uhuru. Stesheni ya reli si mbali na njia tuliyopita. Tungeweza kusimama hapo dakika tano badala ya zile ishirini na tano tulizozitumia ndani ya duka la vinyago, ambalo jina lake sitalitaja, tukizungukwa na wauzaji wawili huku kiongozi wetu akizungumza na simu mlangoni. Hakuna aliyenunua, na nadhani kila mmoja wetu alielewa kwa nini njia ya "historia" ilipinda kuelekea pale.

Ziwani mambo yaliboreka mno. Jiwe la Bismarck, karibu na gati la kivuko cha Kamanga, limesimama juu ya mengine majini kama mtu aliyechuchumaa akafikiri na kusahau kuinuka. Bismarck, kansela wa Ujerumani, hakuwahi kukanyaga Afrika, na Wajerumani walipoweka kituo chao hapa alikuwa ameshaondoka madarakani miaka miwili kabla, hivyo jiwe limebeba jina la mtu ambaye hakulijua wala halikumjua. Kijana alitueleza kwamba mawe haya yalirushwa na volkano. Sivyo. Ni graniti iliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, maji yakapenya katika nyufa zake, yakaoza mwamba polepole kando ya nyufa hizo, na udongo uliolegea ulipochukuliwa na mvua, mapande magumu yakabaki yamepandana palepale yalipokuwa. Nilimwambia hivyo kwa upole, pembeni, naye akaandika kwenye simu yake. Hilo nilimpenda nalo.

Kando ya barabara palikuwa na mjusi dume wa mawe, yule mwenye kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyoiva na mwili wa buluu. Alikuwa ameinua kifua juu ya jiwe, akitikisa kichwa juu na chini mbele ya jike la kahawia ambalo halikujishughulisha naye hata kidogo. Wakenya walipiga picha nyingi kuliko walizopiga jiwe la Bismarck. Nyuma yetu kivuko kilikuwa kinapakia pikipiki, magunia na akina mama wenye ndoo, na mpiga debe akiita abiria wa Sengerema.

Tulimalizia Capri Point, kwenye mwinuko ambao pimbi huota jua na kutoweka miambani ukisogea. Kisiwa cha Saanane kinaonekana kutoka hapo, lakini hicho kina kiingilio kwa kuwa tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa, na mjomba alikitazama kwa mbali akasema kinatosha. Ni hapo kijana wetu alipofanya kazi yake vizuri kuliko mahali pengine. Aliulizwa na mmoja wa Wakenya kuhusu MV Bukoba, akanyamaza kidogo, kisha akaeleza kwa maneno machache kwamba meli ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na kwamba wengi wa waliokufa wamezikwa Igoma. Hakuongeza chumvi wala kuonyesha kwa kidole. Wenyeji wa hapa hatuizungumzii ajali ile kama kivutio, na nilishukuru kwamba naye aliliona hilo.

Sasa kuhusu neno bure. Mwishoni kiongozi alisema tutoe "kile moyo unachoruhusu," kisha akashika simu yenye namba ya kutumia pesa na kusimama mbele ya kila mtu kwa zamu mpaka ajibiwe. Bakshishi ni haki yake, kwani saa tatu za jua si mchezo, lakini moyo hauruhusu vizuri ukiwa unatazamwa. Ingekuwa bora kuwaeleza watu mwanzoni, kule kwenye mnara, kwamba vijana hawa huishi kwa wanachopewa. Mimi nilitoa. Mjomba alitoa zaidi yangu, akanikataza kumwambia mkewe. Ukiacha hiyo, gharama yangu ilikuwa shilingi 300 za choo cha kulipia, maana maji na karanga tulibeba kutoka nyumbani, na ninamshauri kila atakayekwenda abebe vivyo hivyo, pamoja na kofia na viatu visivyoteleza.

Kesho yake tulikwenda wenyewe Mwaloni, Kirumba, ambako matembezi hayo hayafiki, nami sielewi kwa nini hayafiki. Tulipita kati ya vilima vya magunia ya dagaa wakavu, korongo wenye upara wakitusimamia kama maaskari wa forodha, na mama mmoja muuzaji akatusalimu kwa mwangaluka, salamu ya Kisukuma. Mjomba akaitikia kwa Kidigo, wote wakacheka. Aliyeapa kutotumia pesa akaondoka na kilo tatu za dagaa za kupeleka Tanga. Mke wake anakuja Desemba. Nitampeleka kwa vijana walewale iwapo wataanza saa moja asubuhi, na tukifika kwenye duka la vinyago tutawasubiri nje.